Bwana yangu alianguka mbele ya tanuru: je, serumu ya kila Jumamosi itamlinda?

Swali la msomaji, komini ya Annexe, Lubumbashi:

«Dokta, nakusalimia. Bwana yangu anafyatua na kuchoma matofali upande wa Kasapa. Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nane ya mchana, alianza kuyumba, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akatapika mara mbili, akakaa chini akisema miguu inakaza. Wenzake walimpakia kwenye pikipiki mpaka dispanseri ya karibu, wakamtundikia serumu mbili za mshipani, na jioni akarudi nyumbani anatembea mwenyewe. Tangu siku hiyo anasema serumu ndiyo iliyomwokoa, na kila Jumamosi atakuwa anatiwa moja ya kurudisha nguvu, ile ya rangi ya njano. Wenzake wengine wanafanya hivyo. Bei yake ni pesa ya siku mbili za kazi. Je, ni vizuri? Na siku nyingine nitajuaje kama ni jua au ni malaria?»

Jibu:

Mama, pole kwa hofu ya siku ile. Nianze na pesa, maana Jumamosi iko karibu: asiende. Serumu ya Jumamosi haitamlinda na moto wa Jumatatu. Mwili wa binadamu hauna dumu la akiba. Ukiujaza maji ambayo hauyahitaji, figo zinayatoa, na Jumatatu atasimama mbele ya tanuru kama mtu ambaye hakutiwa kitu.

Lakini usimwambie kwamba alidanganywa. Siku ile alikuwa ametapika mara mbili, maji ya kunywa hayakai tumboni, na kwa mtu wa namna hiyo serumu ina kazi yake. Ninachokataa ni kuipa sifa zote. Kitu cha kwanza kilichomwokoa ni wenzake kumtoa mbele ya moto. Wangemwacha palepale na kumtundikia serumu tano, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine.

Tuone kilichompata. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba tunalala na blanketi. Ndiyo sababu wengi wetu tunadhani joto la hatari ni la watu wa miji ya chini, kama Matadi au Kalemie. Halafu unafika mwezi wa kumi, mvua bado haijaanza, mchana joto linapita digrii 30, na ndio mwezi ambao wachomaji wanakimbizana, kila mmoja anataka tanuru lake liive kabla mvua haijayeyusha matofali mabichi. Wanavunja kichuguu, wanakanyaga udongo, wanabeba, wanapanga, na moto ukishawashwa hauzimwi usiku. Mtu analala vipande vipande karibu na tanuru, na asubuhi anaanza tena. Mwili uliokosa usingizi unashindwa na joto upesi.

Hewa ya mwezi wa kumi ni kavu. Jasho linakauka kabla mtu hajaliona, linaacha tu chumvi nyeupe kwenye shati, naye anasema leo sikutoka jasho sana. Mvua za kwanza zikifika mambo yanageuka: hewa inajaa unyevu, jasho linabaki kwenye ngozi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Tena, mbele ya tanuru, joto linalotangazwa redioni ni sehemu ndogo ya hesabu. Anayesukuma magogo kwenye mdomo wa tanuru anachomwa na moto wenyewe, juu ya jua, juu ya joto ambalo misuli yake inatengeneza kwa kufanya kazi.

Mtu mzima katika kazi ya namna hiyo anaweza kupoteza lita 1 ya jasho kwa saa, wakati mwingine lita 1 na nusu. Kutoka saa mbili ya asubuhi mpaka saa nane ya mchana ni saa 6. Hata kwa hesabu ndogo, ni lita 6 zilizotoka, na chumvi ndani yake. Muulize alikunywa vikombe vingapi. Damu iliyopungukiwa maji inatakiwa iende kwenye ngozi ili mwili upoe, na iende kwenye misuli ili kazi ifanyike, na haitoshi kwa vyote viwili. Moyo unakimbia, kichwa kinakosa damu akisimama, tumbo linakataa chakula.

Hiyo ndiyo tunaita kuishiwa nguvu kwa joto, na dalili zake umeziandika vizuri kuliko wanafunzi wangu: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, misuli ya miguu au ya tumbo kukaza. Ongeza kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, ngozi iliyolowa ambayo mara nyingi ukiigusa ni ya baridi, na mkojo mchache wenye rangi nzito. Katika hali hii akili ya mtu iko. Anakujua, anajua yuko wapi, analalamika kwa maneno yanayoeleweka.

Akili ikianza kupotea, hapo tumevuka mto. Mtu anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, anagombana na wenzake bila sababu, anatembea kama mlevi, anashikwa na degedege au anazimia. Wengine watasema ni lutuku, ile pombe kali, ya jana usiku, wengine watasema ni bulozi, yaani uchawi. Mama, kwa mtu aliyekuwa kwenye jua na moto, hicho ni kiharusi cha joto mpaka ithibitishwe vingine. Joto la ndani ya mwili limepita digrii 40, na ubongo, ini na figo vinaumia kila dakika inayopita. Usisubiri ngozi ikauke kama wanavyofundisha watu wengine. Anayeanguka akiwa kazini anaweza kuwa bado amelowa jasho.

Nilipokuwa daktari mdogo tulipokea kijana wa namna hiyo, alikuwa anabeba makala, yaani makaa, kutoka porini. Tulihangaika na mkono wake kutafuta mshipa, tukaupata, tukatundika serumu, tukapumua. Mwili wake ulikuwa unawaka. Bomba la maji lilikuwa hatua tano kutoka kitandani, na hakuna kati yetu aliyechukua ndoo. Alifariki usiku ule. Tulikuwa tumeanza na jambo la pili na kuacha la kwanza, na kwa sababu yake nakuandikia kwa urefu huu.

La kwanza ni kupoza, tena palepale, kabla ya pikipiki. Wafyatua matofali wana bahati ambayo wengi hawana: daima pana maji karibu, bila maji hakuna tofali. Wamvue nguo, wamweke kivulini, wammwagie maji ya bidoni kuanzia kichwani mpaka miguuni bila kukoma, na mwingine ampepee kwa nguvu kwa shati au kipande cha katoni, maana ni upepo juu ya maji unaochukua joto. Kama kuna pipa au shimo la maji linalotosha, wamwingize mpaka shingoni, mtu mmoja amshike kichwa muda wote asizame. Barafu ikipatikana kwa mama muuza vinywaji, iwekwe shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Tunataka joto lishuke chini ya digrii 39 ndani ya nusu saa. Mmoja atafute usafiri wakati wengine wanamwaga maji, na waendelee kumlowesha njiani. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu chochote, kitaingia kwenye mapafu.

Kwa aliyeishiwa nguvu tu, mwenye akili zake, kama bwana yako siku ile, ni njia hiyohiyo kwa upole zaidi: kivuli, maji mwilini, miguu iinuliwe kidogo juu ya tofali mbili tatu, na anywe polepole. Akipata nafuu ndani ya saa moja hivi, apumzike siku hiyo yote na asirudi kazini jioni kumalizia. Asipopata nafuu, apelekwe.

Msimpe vidonge vya kushusha homa. Najua ni kitu cha kwanza mkono unachokimbilia nyumbani. Homa ya malaria inaamriwa na ubongo wenyewe, na parasetamoli inafanya kazi kwa kuubembeleza ubongo upunguze amri hiyo. Joto la tanuru limetoka nje, ubongo haukuliamuru, kwa hiyo parasetamoli haina cha kushusha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi, zinapunguza damu inayofika kwenye figo saa ileile ambayo figo zinakosa maji.

Sasa malaria, swali ambalo kila mama wa Lubumbashi anajiuliza. Tazama mahali na saa. Joto linamshika mtu akiwa kazini na linamwachia akipozwa na kunywa. Malaria haijali kivuli: mtu anasikia baridi, anatetemeka ndani ya blanketi wakati wengine wanatoka jasho, homa inapanda usiku, inashuka, kesho inarudi. Lakini malaria nayo inaweza kuanza kwa kichwa na kutapika, na mwenye malaria akienda kwenye tanuru ataanguka wa kwanza. Kwa hiyo mimi nafanya hivi: kama saa mbili baada ya kupozwa bado ana homa, au homa imerudi usiku, apimwe kile kipimo cha haraka, tone moja la damu ya kidole, jibu linatoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Wala msikubali kinini ichanganywe ndani ya serumu kwa kubahatisha. Kinini inashusha sukari ya damu, na kwa malaria kali Shirika la Afya Duniani linaweka artesunati ya sindano mbele ya kinini, kwa watu wazima na, tangu 2011, kwa watoto pia. Malaria ya kawaida kwa mtu anayeweza kumeza inatibiwa kwa vidonge.

Nirudi kwenye serumu, maana nataka bwana yako ajue anachonunua. Mifuko inayotundikwa katika dispanseri zetu ni ya aina tatu hasa. Kuna maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi kwa lita, ambayo waganga wanaiita fiziolojiki. Kuna Ringer, yenye chumvi, potasi na kalisi kidogo, na laktati. Na kuna ya glikosi, gramu 50 za sukari kwa lita. Ile ya njano ni mojawapo ya hizo, wametia ndani ampuli ya vitamini B. Unjano unatoka kwenye vitamini B2, na ndio uleule unaouona kwenye mkojo saa chache baadaye, kwa kuwa mwili unatoa ile usiyoihitaji.

Hesabu nguvu iliyomo. Mfuko wa nusu lita wa glikosi una gramu 25 za sukari, yaani vijiko vya chai 6 hivi, kalori 100. Chai yenye sukari na mkate inapita hapo. Sahani ya bukari (ugali) na kapenta (dagaa) inapita mbali sana, na ina chumvi ambayo jasho lilichukua. Mfuko wa maji ya chumvi hauna kalori hata moja. Nguvu anayoisikia akitoka dispanseri ni ya kweli, simbishii: alilala saa mbili kitandani, kwenye kivuli, bila mtu kumwita. Anaweza kulala hivyo nyumbani.

Tena glikosi peke yake inaweza kumdhuru mtu aliyetoka jasho siku nzima. Mwili unatumia ile sukari, kinachobaki ni maji matupu, chumvi ya damu ambayo tayari ilipungua inashuka zaidi, na ubongo unaweza kuvimba. Kwa joto tunatumia maji ya chumvi au Ringer, kwa kawaida lita 1 hadi 2, huku muuguzi akipima presha, akisikiliza mapafu, akiangalia kama mkojo umeanza kutoka. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo anaweza kujaa maji kwenye mapafu kwa mfuko huohuo uliomsaidia jirani yake. Na kila tundu la sindano ni mlango: mshipa unaweza kuvimba, vidudu vikaingia, na sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaleta homa ya ini na Ukimwi. Siku ambayo serumu itahitajika kweli, aone kwa macho yake sindano na mrija vinafunguliwa kutoka kwenye mfuko wao.

Itahitajika lini? Akitapika kila anachokunywa. Akichanganyikiwa au kuzimia, baada ya kupozwa na wakati anaendelea kupozwa. Presha ikiwa chini, mapigo mbio na mikono baridi. Akikaa saa nyingi bila mkojo. Akinywa vizuri kwa saa nzima na bado hasimami. Katika hali hizo msibaki kwenye dispanseri ndogo mkihesabu mifuko, nendeni hospitali yenye maabara.

Nje ya hapo, kuna serumu nyingine, ile ya kunywa, ambayo watu wanaidharau kwa sababu ni rahisi na haina sindano. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, upande wa India, kambi imejaa wakimbizi, kipindupindu kinaua, na serumu za mshipa zimemwishia. Akachanganya chumvi na sukari ndani ya maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa vinakaribia 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Sababu ni kwamba ndani ya utumbo chumvi na sukari zinapita mlango mmoja zikiwa zimeshikana mikono, na maji yanazifuata. Maji matupu hayana wa kuyavuta namna hiyo. Sisi wa Katanga tunaijua serumu hiyo kwa sababu ya kipindupindu, tunaisahau siku za joto.

Pakiti zake zipo kwenye maduka ya dawa na kwenye vituo vya afya. Usipoipata, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chumvi kilichosawazishwa pia. Koroga, onja: chumvi yake isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, usiongeze sukari kuifunika. Anywe kidogo kidogo, na hata akitapika, msubiri dakika 10 umpe tena kwa kijiko. Ibaki si zaidi ya siku moja.

Pesa ya ile serumu ya njano ipeleke kwenye bidoni ya lita 20 yenye kifuniko na hema la kivuli karibu na tanuru. Mbele ya moto anywe kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, kabla kiu haijamwita, ila asipite lita 1 na nusu kwa saa. Maji matupu mengi mno nayo yanashusha chumvi ya damu. Maji yanatosha akiwa anakula vizuri mchana. Siku ya jasho kubwa, lita moja kati ya hizo iwe ya chumvi na sukari. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ukiwa mbichi wa siku hiyo hauna shida. Uliolala ukachacha, bia na lutuku vinakausha mwili, hata vikinywewa usiku wa kuamkia kazi.

Jambo ambalo wakubwa wa kazi hawapendi kulisikia: mwili unajifunza joto, na unajifunza kwa siku 7 hadi 14. Kijana mgeni aliyetoka kijijini asiwekwe kwenye mdomo wa tanuru siku ya kwanza. Aanze na sehemu ya tano ya muda mbele ya moto, aongeze hivyo kila siku. Aliyekuwa nje kwa wiki moja, kama bwana yako, arudi kwa nusu ya kazi siku ya kwanza, ya pili apande hadi asilimia 60, ya tatu 80, ya nne ndipo kazi yote. Magogo makubwa yaingizwe alfajiri na jioni. Saa sita mpaka saa tisa waliobaki kwenye moto wapokezane, wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake usoni, kwa kuwa mtu ambaye joto limempanda kichwani hawezi kujitambua mwenyewe. Na kama anakunywa dawa ya presha ya kumkojoza, aje tuongee kabla ya kurudi. Asiiache kwa uamuzi wake.

Nina swali moja ambalo barua yako haikugusa. Jioni ile, au asubuhi yake, mkojo wa bwana yako ulikuwa wa rangi gani? Kama ulikuwa wa kahawia nzito kama chai iliyokaa au kama koka, na misuli inamuuma mpaka leo, huenda misuli yenyewe ilivunjika kwa joto na mabaki yake yakaziba figo. Hapo asisubiri hata kesho. Apelekwe hospitali apimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi, hata kama anakwambia amepona, na uwaeleze siku, saa, na kwamba alikuwa mbele ya tanuru.